Nukta Saba

Kwetu Chako mdudu huyu anaitwa vinchuka.
Mchana hujibanza katika nyufa za udongo,
usiku hushuka kama mwizi anayeijua nyumba,
hunywa damu kando ya mdomo wa aliyelala.
Miaka ishirini baadaye moyo wa mtu huyo
hulegea, hutanuka, gunia lililolowa,
mpaka asubuhi moja, akikama mbuzi, unagoma.
Ndivyo alivyokwenda baba. Maziwa yalimwagika,
mbuzi akabaki amesimama, anasubiri.

Mimi sasa nalipwa kung'oa mabawa.

Kibanio. Kioo chembamba. Tone la gundi.
Bawa la kulia, kila mara la kulia.
Chini ya hadubini mishipa yake hukutana na kuachana
kama njia za mbuzi kuelekea kisima kimoja,
na kila panapo njia panda naweka nukta,
moja, mbili, hadi saba.
Kompyuta huyalaza mabawa, hili juu ya lile,
huyageuza yatazame upande mmoja,
makubwa huyapunguza, madogo huyakuza,
hufuta kimo, hufuta mahali.
"Kinachobaki ni umbo," alinifunza Dakta Arancibia,
akipangusa miwani kwa pindo la shati.
"Na umbo, Delmira, ni ukoo."

Tulipuliza dawa kijiji kizima, Septemba ya mwaka juzi.
Sasa wamerudi, nyumba kumi na moja.
Wametoka wapi?
Kama ni msituni, kwenye magogo ya kebracho,
hiyo ni bahati mbaya, tuzibe nyufa, tulale.
Kama ni mabaki, basi kuna ukuta haukupata dawa
na aliyebeba bomba anaujua.

Aliyebeba bomba ni mimi.

Wa msituni nukta yao ya tatu husogea nje,
unene wa unywele, si zaidi.
Wa kwa Eusebia Tarupayo walitoka banda la kuku la jirani,
wakagombana, kuku wakahamishwa.
Wa kwa mzee Fermín walikuwa wageni kabisa,
walifuata taa aliyonunuliwa na mwanawe.
Ya mama niliiacha mwisho.
Wadudu wanne tu, niliwakamata mwenyewe kwa kurunzi,
nikawatia katika kisanduku cha kiberiti.

Kwenye droo tuna mabawa ya kabla ya dawa,
ya chumba kile kile, yameandikwa kwa mkono wangu.
Nikayalaza manne juu yake.
Yakalala. Nukta kwa nukta,
kama mtoto anayeingiza mguu katika kiatu cha kaka yake.
Hawakurudi hawa. Hawakuwahi kuondoka.

Na nikakumbuka: mama mbele ya ukuta wa kitandani,
mikono ameitanua, nyuma yake shati la baba msumarini.
"Hapa usipulize. Harufu yake bado ipo."
Nikashusha bomba.
Mita moja kwa mita moja na nusu.
Kwenye fomu niliandika: nyumba imekamilika.

Leo nimeandika: mabaki. Dakta akauliza ukuta upi.
Nikasema naujua.

Jumamosi nilimkuta ameshalitoa lile shati,
amelikunja ndani ya mfuko wa plastiki,
amefunga fundo tatu.
Hakunisalimu. Alitoka nje na kuku kwapani.
Lilipokuwa likining'inia udongo ulikuwa mweupe kidogo:
bega, bega, shingo, mkono mmoja umekunjwa.
Niliutazama kwa jicho la kazi, nikahesabu nukta
bila kutaka, kisha nikapuliza
kutoka juu kwenda chini, polepole, kama inavyotakiwa,
na ufa ukaanza kutema miguu.

Nilipovua barakoa alikuwa mlangoni.
"Na wewe," akasema, "uliyelala humu miaka kumi na tisa.
Damu yako, umeipima?"

Nikamwambia bomba linavuja,
nikainama kulitengeneza.